Kutengeneza dawa ya maji kwa chumvi na umeme: mwongozo kamili kwa vijiji vya mwambao wa Kigoma

Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Watu wakawa wanabebwa kwa MV Liemba hadi Kigoma mjini, wengine wakipokelewa kwanza katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Ziwa lilikuwa pale pale limejaa maji. Kilichokosekana ni maji yaliyotibiwa, pamoja na vyoo.

Ukiacha dharura kama ile, hali ya kila siku katika vijiji vingi vya mwambao ni hii: klorini ya unga inatoka mbali, inapanda boti, inafika imechelewa, na kopo likishafunguliwa likakaa kwenye stoo yenye joto na unyevu, nguvu yake inashuka mwezi hadi mwezi. Kumbe dawa hiyo inaweza kutengenezwa palepale zahanati au kwenye ofisi ya jumuiya ya watumia maji, kwa chumvi, maji na umeme wa sola. Chumvi tunayo. Uvinza imevuna chumvi kutoka chemchemi zake za maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,500, na jua la Kigoma mnalijua.

Mwongozo huu ni kwa mhudumu wa zahanati, fundi wa mradi wa maji, mwalimu wa shule yenye simtank, au kikundi cha kijiji. Kutengeneza dawa yenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Sehemu inayookoa watu ni upimaji unaofuata, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kinachotokea ndani ya chombo

Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini zilizoshikana. Ukiiyeyusha kwenye maji na kupitisha umeme wa betri (ule wa moja kwa moja, wala si wa ukutani), kwenye ncha chanya inatokea klorini, na kwenye ncha hasi inatokea gesi ya haidrojeni pamoja na magadi makali. Klorini na magadi vikikutana ndani ya maji vinatengeneza sodiamu haipokloraiti, dawa ileile iliyomo kwenye JIK na WaterGuard ya maji, tofauti ikiwa ni ukali. Haidrojeni inapanda juu kama mapovu na kutoka hewani.

Kifaa kidogo kinachofanya kazi vizuri hutoa dawa yenye gramu 6 hivi za klorini kwa kila lita, yaani asilimia 0.6. Hesabu zote humu zimejengwa juu ya namba hiyo 6, kwa hiyo ishike.

Vifaa

Kitu kimoja ambacho huwezi kujitengenezea ni elektrodi, yaani zile bamba au nondo ndogo zinazoingia kwenye maji ya chumvi. Lazima ziwe za titaniamu iliyopakwa oksaidi za ruteniamu au iridiamu. Zinauzwa zikiwa ndani ya vifaa vilivyokamilika kama WATA, kilichobuniwa Uswisi kwa ajili ya mazingira kama yetu, na vingine vya aina hiyo. Nimeona watu wakijaribu misumari, nyaya za shaba, vijiko vya chuma kisichoshika kutu, hata vijiti vyeusi vya ndani ya betri za tochi. Nasema kwa nguvu zote: usifanye hivyo kwa maji ya kunywa. Chuma kisichoshika kutu humomonyoka na kuachia nikeli na kromiamu, na kromiamu inayotoka kwa njia hii inaweza kuwa ya aina yenye sumu. Shaba huyeyuka. Kijiti cha betri hubomoka na kutoka na masalia ya vitu vingine vilivyokuwamo. Kama elektrodi sahihi haijapatikana, nunua WaterGuard au chemsha maji, na usubiri mpaka ipatikane.

Vingine ni vya kawaida:

- betri ya volti 12 na paneli ya sola yenye kontrola yake, au chaja iliyokuja na kifaa
- ndoo ya plastiki yenye mdomo mpana
- mizani ya jikoni
- mabomba ya sindano ya mililita 1 na 10 kutoka duka la dawa, bila sindano
- madumu ya plastiki yasiyopitisha mwanga
- glavu na miwani ya kukinga macho
- kipimo cha klorini cha vidonge vya DPD, kile kinachogeuza maji kuwa ya waridi na kulinganishwa na rangi za kwenye kibao

Hicho cha mwisho watu hukikata kwenye bajeti kwanza. Afadhali ukate kitu kingine.

Kuhusu betri, piga hesabu kabla. Kinadharia ampea 1 ikipita kwa saa 1 kwenye seli moja inatoa gramu 1.32 za klorini. Vifaa vidogo hupata pungufu ya hapo, hivyo kwa kifaa cha seli moja weka makadirio ya saa-ampea 8 kwa kila lita ya dawa. Betri ya N70 (ya saa-ampea 70) haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo lita 4 kwa siku ndiyo mwisho wake kama haichajiwi wakati huohuo. Lita 4 zinaonekana chache, lakini zinatosha kutibu maji lita 12,000.

Mahali pa kufanyia kazi

Nje, kivulini, penye upepo. Baraza lililo wazi linafaa, chini ya mwembe panafaa zaidi. Kila lita ya dawa huachia zaidi ya lita 2 za haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche ya swichi. Kwa sababu hiyo hakuna jiko la mkaa karibu, hakuna sigara, na ndoo haifunikwi kwa mfuniko wa kubana wakati umeme unapita. Kitambaa chepesi cha kuzuia inzi na vumbi kinatosha. Watoto wakae mbali.

Kivuli nacho kina kazi yake. Dawa ikipata joto zaidi ya nyuzi 40 inaanza kugeuka kloreti, kitu kisichoua vijidudu na kisichotakiwa kwenye maji ya kunywa.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta maji safi ya kuyeyushia chumvi. Hapa wengi wa mwambao huchota ziwani kwa mazoea. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi, nayo hujishika kwenye ncha hasi kama ukoko mweupe na kuzuia umeme. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchujwa ndiyo bora. Kama huna ila ya ziwa, yatumie, lakini utasafisha elektrodi mara nyingi zaidi.

2. Pima chumvi gramu 25 kwa kila lita. Pakiti ya nusu kilo inaingia kwenye ndoo ya lita 20 bila kuhitaji mizani. Kama kijitabu cha kifaa chako kinasema 30, fuata kijitabu. Chumvi yenye madini joto haina shida: madini joto yanayofika kwenye maji ya kunywa kwa njia hii ni chembe isiyopimika. Chumvi ghafi yenye udongo iyeyushe kwanza, iache itulie usiku mmoja, kisha mimina taratibu ukiacha masimbi chini.

3. Koroga hadi chumvi yote iishe. Punje zilizobaki chini zina maana kwamba maji ya juu hayana chumvi ya kutosha.

4. Zamisha kifaa hadi kwenye alama yake. Vibanio vya nyaya vibaki juu ya maji, kwa sababu shaba ikigusa maji ya chumvi inayeyuka, na hata kidogo chake hufanya dawa ipoteze nguvu haraka. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kifaa ambacho hakikutengenezwa kugeuzwa kikiunganishwa kinyume, ule mpako wa ghali unaharibika.

5. Washa. Ndani ya sekunde chache utaona ukungu mweupe wa mapovu madogo sana ukipanda kutoka ncha hasi, na uso wa maji ukichemka kama soda iliyomiminwa. Baada ya dakika kadhaa harufu ya JIK inakuja. Mapovu yakiwa machache na makubwa, angalia vibanio, chaji ya betri, kisha ukoko kwenye elektrodi.

6. Weka kengele ya simu kwa muda ulioandikwa kwenye kijitabu. Usiongeze muda ukidhani dawa itakuwa kali zaidi. Baada ya kiwango fulani umeme unaunguza klorini iliyokwisha kutengenezwa na kuongeza kloreti.

7. Zima kwanza, ndipo utoe kifaa. Kisuuze kwa maji safi.

Dawa nzuri ni maji maangavu, au yenye umanjano wa mbali sana. Ikitoka ya kahawia, kijani au samawati, kuna chuma kinaliwa mahali fulani. Imwage kwenye shimo lililo mbali na kisima, kisha utafute chanzo.

Kupima ukali wa dawa

Usiamini kwamba umepata gramu 6 kwa sababu kijitabu kimesema. Vifaa vingine huja na dawa ya matone ya kupimia ukali. Kama huna, njia hii inatosha: chukua lita 3 za maji yasiyo na klorini wala uchafu wa kuila, kwa mfano maji ya chupa ya dukani uliyoyapima kwanza kwa DPD na kuona sifuri. Tia mililita 1 ya dawa kwa bomba dogo la sindano, koroga, pima kwa DPD. Namba utakayosoma izidishe kwa 3, na hayo ndiyo magramu ya klorini kwa lita. Ukisoma 2, dawa ina gramu 6. Ukisoma 1, ina gramu 3, na itabidi utumie mara mbili yake.

Kuna mtego mmoja hapa. Klorini ikizidi sana, rangi ya waridi hutokea ghafla kisha inafutika na maji yanabaki meupe. Aliyechelewa kutazama ataandika sifuri na kuongeza dawa juu ya dawa. Ndiyo maana unapodondosha kidonge macho yawe kwenye kichupa.

Kutibu maji

Kanuni ni moja: lita za maji zidisha kwa miligramu unazotaka kwa lita, gawanya kwa gramu za dawa yako. Utapata mililita. Kwa maji maangavu anza na miligramu 2 kwa lita. Ndoo ya lita 20 itataka 20 × 2 ÷ 6, karibu mililita 7. Simtank ya lita 1,000 itataka mililita 333, na ya lita 5,000 karibu lita 1 na mililita 700. Maji yenye ukungu kidogo yanataka mara mbili yake.

Maji yenye tope usiyatibu hivyo hivyo. Mto Luiche au Malagarasi wakati wa masika una rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo linakula klorini yote kabla haijagusa kijidudu. Yatulize kwanza, uyamimine yale maangavu ya juu kwenye chombo kingine, uyachuje kwa mchanga au angalau kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Kuchuja kwa kitambaa si jambo la kudharau: huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa nguo ya sari iliyokunjwa hivyo vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa vimelea vyake hujishika kwenye vidudu vidogo vinavyoelea majini, na kitambaa huvinasa.

Sasa jambo ambalo mtu wa Kigoma lazima alijue, na ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya dunia nzima haimwambii. Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi. Kipimo chake cha pH kinakaribia 9, wakati maji mengi ya mito na visima huzunguka 7. Klorini inapoingia kwenye maji hugawanyika sehemu mbili: moja inaua vijidudu haraka sana, nyingine inaua polepole. Kwenye pH ya 7, zaidi ya robo tatu ya klorini iko katika sura ile ya haraka. Kwenye pH ya 9 inabaki asilimia 3 au 4 tu. Shirika la Afya Duniani linaposema maji yabaki na miligramu 0.5 za klorini kwa lita baada ya dakika 30, linaongelea maji ya pH chini ya 8.

Maana yake, mama anayechota Kibirizi au Katonga, akatia dawa na kuwanywesha watoto baada ya nusu saa, amefuata maelekezo ya kwenye chupa na bado hajafika. Kwa maji ya ziwa, subiri saa 1 nzima isiyopungua, na ikiwezekana tibu jioni maji ya kunywa kesho. Kimelea cha kipindupindu ni dhaifu mbele ya klorini na hufa hata kwenye maji ya magadi, mradi umekipa muda. Kuongeza dawa mara tatu badala ya kusubiri ni njia mbaya, kwa sababu maji yatanuka na familia itarudi kwenye maji mabichi.

Kipimo sahihi cha kijiji chako utakipata kwa ndoo nne. Zijaze zote lita 20 kutoka chanzo kimoja, utie mililita 4, 7, 10 na 14. Koroga, funika, ziache kivulini saa 1 kisha pima kila moja kwa DPD. Zipime tena kesho yake saa ileile. Unaitafuta ndoo yenye dawa ndogo kuliko zote ambayo bado imeonyesha 0.5 baada ya saa 1, isiyozidi 2, na kesho yake haikushuka chini ya 0.2. Kipimo cha ndoo hiyo ndicho cha kijiji. Rudia zoezi mvua zikianza na zikiisha, maana maji hubadilika.

Waite watu waonje. Wakisema yananuka, usiwabishie. Maji yakikaa kwenye chombo safi harufu hupungua, na mtu aliyeonja mwenyewe na kukubali atatibu maji hata usipokuwapo. Wape kipimo kisicho na utata: bomba la sindano lenye mstari wa kalamu ya wino usiofutika. Vifuniko vya chupa za soda vinatofautiana ujazo.

Kwenye zahanati

Dawa hiihii, ikiwa na asilimia 0.6 kamili, hufanya kazi nyingine. Sehemu 5 za dawa na 1 ya maji hutoa asilimia 0.5, ya kufutia damu iliyomwagika. Sehemu 1 kwa 2 za maji hutoa asilimia 0.2, ya sakafu na vitanda wakati wa kipindupindu. Sehemu 1 kwa 11 hutoa asilimia 0.05, ya kunawia mikono pale sabuni inapokosekana. Matapishi na kinyesi cha wagonjwa wa kipindupindu vinataka asilimia 2, na hiyo huwezi kuipata kutoka kwenye kifaa hiki kwa namna yoyote. Kwa hiyo kopo la klorini ya unga libaki stoo kwa siku hizo, hata kama mnatengeneza dawa yenu kila wiki.

Kutunza dawa

Jua, joto na muda vinaimaliza. Ihifadhi kwenye dumu la plastiki lisilopitisha mwanga, mahali pa baridi, kamwe si kwenye chombo cha chuma. Tengeneza ya kutumia siku mbili tatu, na kila dumu liandikwe tarehe na ukali uliopimwa. Iliyofika wiki ipime upya kabla ya kuitumia kwa maji ya kunywa, au iteketeze kwa kudekia choo. Usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto hasomi lebo. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi dakika 15 na uende zahanati.

Kama dawa inatibu maji ya watu wengi, afisa afya wa kata na RUWASA (wakala wa maji vijijini) wajue tangu mwanzo, nao wakague daftari la vipimo. Usiiuze kwa watu kabla ya kuzungumza na TBS, shirika la viwango.

Klorini ina mipaka. Vimelea fulani vya kuhara vyenye ganda gumu, kama kriptosporidiamu, havisikii kipimo cha kawaida, na huko kuchuja vizuri au kuchemsha ndiko kunakosaidia. Floraidi na madini mengine mabaya ya kisimani hayatoki kwa klorini.

Kusafisha elektrodi

Ukoko mweupe ukionekana, zima umeme, toa kifaa, kisuuze kwa maji mengi mpaka harufu ya klorini iishe kabisa. Baada ya hapo ndipo ukiloweke kwenye siki nyeupe au maji ya ndimu kwa saa kadhaa, hadi ukoko ulainike wenyewe. Usikwaruze kwa kisu wala steelwire, mpako ukichunika haurudi. Suuza tena kabla ya kukirudisha kwenye maji ya chumvi. Kule kusuuza mara mbili kuna sababu kubwa: siki, ndimu au dawa ya choo ikikutana na dawa hii inatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu papo hapo. Ndoo ya siki na ndoo ya dawa zisikae meza moja, na anayesafisha asiwe yuleyule anayemimina dawa kwa wakati huo.